Vipimo Viwili vya Shingo Moja

Nilipoanza kazi ya mazoezi ya viungo nilikuwa na miaka ishirini na minne na ukali wa mwalimu mkuu anayekaribia kustaafu. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti, koti jeupe lililonipwaya, na imani moja tu: kwamba kitu kikipimwa vizuri hakiwezi kusema uongo. Nilipangiwa kituo kidogo cha afya upande wa Temeke. Chumba chetu cha mazoezi kilikuwa nyuma kabisa, jirani na jiko la wodi, kwa hiyo wagonjwa walinyoosha magoti huku wakinusa maharage.

Tulikuwa wawili. Mkuu wangu alikuwa mzee wa Tanga, mpole, mwenye mikono iliyoijua misuli ya binadamu kuliko kitabu chochote nilichosoma. Kwa macho yangu ya wakati ule alikuwa na kasoro moja, nayo ni maneno. Mgonjwa akiingia aliulizwa habari za nyumbani, za watoto, za jirani aliyefiwa, za mvua, na kama shemeji yake alikwisharudi kutoka Pangani. Mimi ni mtu wa Njombe. Kwetu tunasalimiana, halafu tunanyamaza tufanye kazi. Nilikuwa nasubiri amalize salamu zake nikiwa nimekunja mikono kifuani. Naamini aliniona, na naamini alizirefusha makusudi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Madukani kulikuwa na sabuni za rangi ambazo hatukuwahi kuziona, mitumba ilikuwa imetandazwa hadi barabarani, na magari yaliyotumika kutoka Dubai na Japani yalikuwa yakishuka bandarini kila juma. Aliyekuwa na shemeji mwenye gari alijiona dereva. Aliye mbele alifunga breki, na aliye nyuma alianza kuitafuta breki ilipo. Ndipo shingo zilipoanza kuja kwetu.

Shingo hizo zilikuwa na ugonjwa wa aina yake. Mtu ameketi zake kwenye gari lililosimama, anagongwa kwa nyuma. Mwili unasukumwa mbele, kichwa kinachelewa, kisha nacho kinarushwa, na shingo inachapwa kama ncha ya mjeledi. Hakuna mfupa uliovunjika. Picha ya eksirei haioneshi kitu. Ila mtu akiitwa hageuki, anazunguka mwili mzima kama kabati linalohamishwa.

Vifaa vya kupimia shingo hatukuwa navyo. Tulikuwa na futikamba, ile ya fundi cherehani. Mgonjwa aligeuza uso upande mmoja hadi mwisho wa uwezo wake, nasi tukapima kutoka ncha ya kidevu hadi ncha ya mfupa wa bega. Namba ikiwa ndogo, kidevu kimelikaribia bega na shingo inakwenda vizuri. Namba ikiwa kubwa, bado kuna kazi. Nilikipenda kipimo kile kuliko chakula cha mchana.

Basi akaja mama mmoja wa Kizaramo, mzaliwa wa Mtoni, wa miaka hamsini na kitu, mwenye kicheko kilichotangulia kuingia mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuuza visheti. Alivikaanga alfajiri, akavichovya kwenye sukari, akavipanga kwenye beseni, akaliweka kichwani na kuzunguka nalo Mtoni yote hadi Tandika, mikono huru, mmoja wa kupungia watu na mwingine wa kushikia khanga. Siku ya ajali alikuwa amelipumzisha beseni mapajani, kwenye gari ambalo mpwa wake alikuwa amelitoa bandarini juma lile. Plastiki zilikuwa bado kwenye viti. Walisimama njia panda, na pikapu iliyokuwa nyuma haikusimama. Mwenyewe alitusimulia kwamba visheti vilifika mbele kabla yao.

Daktari alimvisha kola ya shingo, ile ngumu inayokifanya kidevu kionekane kinatafuta kitu darini, akamkataza kabisa kubeba kitu kichwani. Watoto wake wakamtengenezea meza ya kuuzia barabarani, nzuri tu, yenye mwavuli. Alikaa pale siku nne, akaacha. Nilimshangaa. Nikamwambia kwa ubingwa wangu wote kwamba meza ni nafuu kwa shingo, ni nafuu kwa miguu, na hata jua halimpati.

"Sikatai, mwanangu," alinijibu. "Lakini mezani namwona anayepita tu. Nikitembea namwona na yule asiyeweza kupita."

Baadaye nilikuja kujua alikuwa na maana gani. Katika mzunguko wake aliingia kwa vikongwe, kwa waliojifungua, kwa mzee aliyepooza upande mmoja ambaye kila siku alipewa kisheti kimoja bure na kukitukana kwamba hakikuiva. Alichukua habari huku na kuzipeleka kule. Beseni kichwani ndilo lililompa sababu ya kubisha hodi bila kuonekana mmbea. Alitaka shingo yake irudi ili arudi kwa watu wake. Hakuwahi kututaka zaidi ya hilo.

Alikuja kwetu mara mbili kwa juma. Jumanne nilimhudumia mimi, Ijumaa alihudumiwa na mzee, na kila mmoja aliandika kipimo chake kwenye kadi ileile. Shingo ilipogeuka kushoto hatukuwa na ugomvi. Shida ilikuwa upande wa kulia. Mimi nilipata sentimita kumi na tatu, mzee akapata kumi na nane. Juma lililofuata mimi kumi na mbili, mzee kumi na nane na nusu. Kwa siku zangu mama alikuwa karibu kupona, na kwa siku za mzee alikuwa kama amegongwa jana.

Mara moja kwa mwezi alipita daktari wa mifupa kutoka mjini, kijana mwenye haraka. Aliishika ile kadi, akaigeuza nyuma kutazama jina, akaigeuza tena mbele.

"Hapa mna wagonjwa wangapi?" aliuliza.

Tukamjibu ni mmoja, mama huyu. Akasema hawezi kumruhusu mtu abebe beseni kichwani kwa kadi inayogombana yenyewe. Angerudi baada ya mwezi. Akikuta vipimo vinapatana, na kulia kunakaribia kushoto, kola itatoka na beseni litarudi. Akikuta hali ileile ataandika kwamba shingo ndiyo imeishia hapo, asibebe tena maisha yake. Mama aliyasikia yote yale akiwa ameketi palepale, kidevu juu. Alikunjua khanga yake, akaikunja, akaikunjua tena. Niliumia moyoni, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa hasira, maumivu yangu yakatoka kwa mlango huo.

Mgonjwa alipoondoka nilizilaza futikamba zetu mbili juu ya meza, yangu mpya na ya mzee iliyofifia namba. Nilikuwa na hakika ya kwake imenyooka kwa uzee. Zililingana hadi mwisho. Nikarudia kwa upande wa pili. Zikalingana tena. Basi nikamgeukia mwenye futikamba, nikamwambia, kwa adabu iliyokuwa inaning'inia kwa uzi, kwamba yeye anaongea mno wakati wa kupima.

Mzee alicheka. Akasema huenda ni kweli, lakini kwamba na mimi nikipima nanuna hadi wagonjwa wanadhani wamekosa. Nilimwona anakwepa hoja.

Jumanne iliyofuata nilimuuliza mama mwenyewe, nikiwa nimefunga mlango. Mbona kwa mzee shingo haifiki mbali? Alinitazama kwa huruma, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu.

"Mtu mzima anakuuliza hali ya wajukuu," alisema, "utamjibuje umeelekea ukutani?"

Kumbe mzee alisimama kushoto kwake, na alipomwambia ageuke kulia alimsindikiza na swali, na mama aliyelelewa vizuri hawezi kumjibu mtu huku amempa kisogo. Aligeuka kidogo, akarudisha uso, akajibu, akageuka tena nusu, na mzee akapima hapo. Zaidi ya hayo, kwa kuwa mzee ni mwanamume, mama alikuwa anaufunga ushungi wake kwa pini mbili kwenye bega la kushoto, umekaza kabisa chini ya kidevu. Sasa hapo shingo itageuka wapi? Nilifurahi kupita kiasi. Nilitembea kile chumba nikiwa nimeshinda kesi. Mimi nilikuwa sahihi, mzee alikuwa amekosea, na kilichobaki ni kumwambia hivyo taratibu ili niufaidi ushindi wangu.

Siku hiyo tulichelewa kumaliza, na adhana ya adhuhuri ikasikika. Mama akaomba pembe ya kusalia asije akachelewa. Nilimpa mkeka wetu wa mazoezi, akauliza kibla, nikamwonesha upande ambao wagonjwa wengine walikuwa wakielekea. Akaivua kola, akavaa khanga nyingine kichwani, akaanza. Mimi ni Mlutheri, nilikaa kwenye benchi nikikunja bandeji na kutazama dirishani ili nisimsumbue. Ila mwisho wa sala anayesali hutoa salamu, kwanza kulia, kisha kushoto, na jicho langu la kazi lilishindwa kutulia. Shingo inageuka kulia mbele yangu, nitazame dirisha?

Aligeuka taratibu, mgongo umenyooka, mabega yametulia. Kidevu kikaenda, kikaenda, kikasimama. Kilisimama mbali na pale nilipokuwa napapima mimi. Hapakuwa pabaya kama pa mzee, lakini kumi na mbili hapakuwa. Kisha akatoa salamu ya kushoto, na kidevu kikafika karibu kabisa na bega bila taabu.

Nikamsubiri amalize dua, nimejaa hasira. Nilidhani anatuchezea. Nikamuuliza mbona kwangu kidevu kinafika karibu na bega, na hapa mkekani hakifiki.

Aliinamisha macho. Akaona haya, mtu wa umri wa mama yangu.

"Hapa natoa salamu kwa malaika, siwezi kuongeza kitu," alisema. "Kwako nilikuwa naliinua bega kidogo, lije kukutana na kidevu. Nilikuona binti wa watu unavyojitahidi, namba ikiwa mbaya unasononeka hadi chai hunywi. Nikasema nisikuvunje moyo."

Nilikaa chini. Wiki zote zile nilikuwa nimepima huruma ya mama mtu mzima kwa sentimita, nikaiandika kwenye kadi kwa kalamu ya wino, nikaweka na sahihi. Mzee alikuwa amefungua mlango na kusimama hapo, amesikia kila kitu. Nilitegemea aniambie neno nililostahili. Hakuweza, kwa sababu alikuwa anacheka hadi ameshikilia fremu ya mlango, na mama naye alipoona mzee anacheka akashindwa kujizuia, na kicheko chake kikapenya hadi jikoni, mpishi akaja na mwiko kuuliza kulikoni. Mimi nilikuwa wa mwisho kucheka. Nilipoanza nilicheka hadi machozi, na nilihisi koti lile jeupe limepungua uzito.

Siku ileile tukaketi watatu kupanga upya. Sijawahi kushiriki kikao kizuri kama kile, na hakikuwa na mwenyekiti. Mama ndiye aliyesema kwamba kwenye kiti hajui pa kuweka miguu, akikaa mkekani mgongo unanyooka wenyewe. Basi atapimiwa mkekani. Mzee akasema aegemee ukuta, tupige mstari wa chaki usawa wa mabega, na bega likivuka chaki tunaanza upya, hata liwe limevuka kwa wema. Mimi nikasema ushungi usifungwe kwa pini. Mama akafikiri kidogo, akasema atavaa mtandio uliofungwa kisogoni, kichwa kimesitirika na kidevu kiko huru, na ncha ya futikamba begani ataishikilia yeye mwenyewe. Macho yaanze kwa kutazama alama ileile. Ageuke mara tatu za kupasha shingo, ya nne ndiyo ya kupima. Halafu wote wawili wakanitazama.

"Na wewe, binti, ukipima utabasamu," mzee alisema. "Mie nitanyamaza."

Sijui kati yetu nani alipewa kazi ngumu zaidi. Mzee akawa anamaliza salamu zake zote nje ya mlango, kuanzia wajukuu hadi Pangani, ndipo anaingia amefumba mdomo, mashavu yamejaa maneno. Mimi nilikuwa nakenua meno hadi mama akaniambia nisizidishe, namtia hofu. Kipimo cha kwanza cha kweli kilikuwa kumi na tano kwangu na kumi na tano kwa mzee, na ingawa ilikuwa habari mbaya kuliko kumi na mbili yangu ya uongo, nilitamani kuizungushia duara kwenye kadi.

Baada ya hapo tulijua tunapambana na nini. Mama alifanya mazoezi kwetu na nyumbani. Aligeuza kidevu polepole akichambua mchele, akagandamiza kitambaa cha maji ya moto shingoni, akawafundisha hata majirani wasioumwa. Namba ikawa inashuka. Ilishuka kwa kusuasua, na juma moja ilipanda kidogo kwa kuwa alikuwa amelala vibaya msibani. Lakini ilipanda kwenye vipimo vyetu vyote viwili, kwa hiyo tukaamini.

Daktari wa mifupa aliporudi hakutaka kuona kadi. Alitaka kutuona sisi. Akamwamuru mzee atoke nje, nikapima mimi, nikaandika kwenye kipande cha karatasi na kukikunja. Kisha nikatoka, akaingia mzee. Nilisimama kwenye korido nikiwa nimetega sikio mlangoni, nikimwomba Mungu mzee asimuulize mama habari za mtu yeyote. Kulikuwa kimya. Dakika mbili za kimya kutoka kwa mzee wa Tanga. Nilimpenda siku ile kama baba yangu.

Tukaitwa ndani. Daktari akafungua karatasi yangu, kulia kumi na moja na nusu, kushoto kumi na moja. Akafungua ya mzee, kulia kumi na mbili, kushoto kumi na moja. Ile nusu niliiona ndefu kuliko barabara ya Kilwa. Nikaanza kusema turudie, labda chaki, labda mtandio, na mama akabaki amekaa mkekani ananitazama mimi, siyo daktari, kwa uso wa mtu anayeogopa kumponza mwenzake.

Daktari akachukua futikamba, akapiga magoti, akapima mwenyewe. Akasema kumi na mbili kasoro. Halafu akasema kwamba watu watatu wakipima kitu kilicho hai wakapishana nusu sentimita, hao wamepatana, na akaniuliza chuoni hawakutufundisha? Walitufundisha. Mimi ndiye sikuwa nimeelewa hadi siku ile. Akaifungua ile kola kwa mikono yake, akaiweka kwenye benchi, akaandika ruhusa, aanze na beseni nusu.

Mama aliinuka. Alitoka moja kwa moja hadi jikoni, na kumbe beseni lilikuwa huko tangu asubuhi, amemkabidhi mpishi, limefunikwa kawa. Hatukujua alikuwa amekuja nalo. Akatugawia visheti wote, daktari akapewa vya karatasi mbili, hadi lilipobaki nusu kama alivyoagizwa. Akasokota khanga akaifanya kata, akaiweka utosini, mpishi akamtwika. Alisimama kidogo akiwa amefumba macho, akisikiliza uzito. Kisha akaondoka kuelekea getini kwa mwendo ambao sikuwahi kuuona kwake, mabega chini, mikono inaning'inia, khanga inapepea.

Alikuwa ameshavuka geti nilipoiona kola kwenye benchi. Nikaikwapua, nikakimbia nayo, nikamwita kwa sauti kubwa kwamba amesahau kola yake.

Alisimama. Mwili haukuzunguka. Shingo peke yake iligeuka, kulia, taratibu, hadi nikauona uso wake wote juu ya bega, na beseni halikutikisika.

"Mpe mwingine, mwanangu," alisema. "Mie nina watu wananingoja."

Akageuza uso mbele, akaendelea na njia ya Mtoni. Nilibaki getini na kola mkononi, nalia kwa furaha mchana kweupe, na watu waliokuwa wakipita wakanipa pole kwa msiba.